Kamio za Zamani za Kivu: Garimoshi la Mji Usio na Reli

Mji wetu wa Goma haukupata reli hata siku moja. Garimoshi la kutoka Mombasa lilifika Kampala, kisha mwaka wa 1956 likafika Kasese, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, na pale likasimama. Garimoshi la Wabelgiji lilifika Kindu, na lile la Uele likaishia Mungbere. Sisi wa Kivu ya Kaskazini tulisikia habari za mlio wake kwa midomo ya waliosafiri tu. Basi kila kitu kilichoingia na kutoka hapa kwa njia ya nchi kavu kilipanda kamio: kahawa, chai na pareto za mashamba makubwa, maharagi ya Rutshuru, viazi vya Masisi, mbao, makala, madini ya Walikale, bibi-arusi na ngoma zake, na maiti anayerudishwa kwao kuzikwa. Kuandika historia ya Goma bila kamio ni sawa na kuandika historia ya Kindu bila reli na bila mto.

Hata hivyo, tukifungua maandishi yanayosema juu ya mji huu, tunakuta bami, wamisionari, volkano na vita. Kamio inatajwa siku ile ilipopinduka tu.

Sisi tunaoandika kurasa hizi ni watu wachache tunaopenda kamio za zamani. Hatuna chama wala kadi. Siku ya Mungu nyuma ya misa tunazunguka katika viwanja na garaje za Birere, Majengo na Katindo, tukichungulia nyuma ya nyumba za watu, maana kamio ya zamani haiko barabarani tena, iko nyuma ya choo, kuku wanalala ndani ya kabini. Wenye viwanja wanatushangaa. Muzee mmoja alituuliza: «Batoto bangu, munatafuta nini mu iyi chuma ya kufa?» Ukurasa huu ni jibu letu kwake.

Kwanza tuseme namna wenzetu wa ng'ambo wanavyopenda kamio. Ulaya mpenzi wa kamio nzito za zamani anatafuta hasa zile za nadra, na iliyo ya nadra kupita zote ni gari la majaribio, lile kiwanda kinaloliunda kwanza, moja au mawili, ili kulijaribu kabla ya kuunda mengine. Mfano unaojulikana sana ni Berliet T100 ya Wafaransa. Kiwanda cha Berliet kiliionyesha mwaka wa 1957, ikiwa imeundwa kwa ajili ya kazi za petroli katika jangwa la Sahara. Upana wake ulikaribia mita 5, pine zake zilizidi mita 2 kwa urefu, na injini yake ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 600. Ziliundwa nne tu. Moja ilibaki kule Hassi Messaoud, Algeria, na nyingine inatunzwa Ufaransa na shirika la Fondation Berliet, lililoanzishwa mwaka wa 1982 kulinda magari ya aina hiyo. Kiwanda hicho hicho kilituma kamio zake mpya za majaribio zivuke jangwa la Ténéré mwishoni mwa mwaka wa 1959, mpaka Fort-Lamy, ambayo leo inaitwa N'Djamena, na kurudi.

Tuangalie jambo moja hapo. Wanapotaka kujua kama chuma chao ni chuma kweli, wanakileta Afrika. Na Kongo pia imeona majaribio ya namna hiyo, hata kabla ya babu zetu wengi kuona motokari.

Mwaka wa 1915, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wadachi ziwa Tanganika. Walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka London kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa reli mpaka Fungurume katika Katanga. Pale reli ikaisha. Mbele kulikuwa pori na milima ya Mitumba, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 mpaka reli nyingine kule Sankisia. Mashua zilivutwa na mashine mbili za mvuke zenye magurudumu ya chuma, zikisaidiwa na ng'ombe dume na watu kwa mamia. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa miti mbele yake. Lakini mvuke hautaki mazutu, unataka kuni na maji, na ulikuwa wakati wa kiangazi. Mashine zilipokauka njiani, wanawake wa vijiji vya karibu walitumwa kubeba maji kwa vichwa vyao, mwendo wa masaa, wakayamimina ndani ya tumbo la chuma ili liendelee. Mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, mashua zilifika Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo, na tarehe 26 Desemba zikaikamata meli ya Wadachi iliyoitwa Kingani.

Vitabu vya Wazungu vinasifu sana kapteni na mashua zake. Sisi tunakumbuka zaidi zile mashine mbili, na wale akina mama ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Na huku kwetu Kivu hata mashine hizo hazikuwako. Mwaka wa 1916, jeshi la Force Publique lilipotoka huku kwenda Rwanda mpaka Tabora, risasi, unga na mizinga vilibebwa na wapagazi, maelfu kwa maelfu, na wengi hawakurudi. Kwa hiyo barabara za kwanza za kamio zilipofunguliwa, bazee walizichukia kwa sababu zilijengwa kwa kazi ya lazima, lakini pia walizipenda kwa sababu zilishusha mzigo juu ya vichwa. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja katika moyo mmoja, na anayetaka kuchagua moja tu anadanganya.

Kati ya vita viwili vya dunia na miaka ya 1950, wakoloni wa mashamba waliongezeka Kivu. Comité National du Kivu, iliyoanza mwaka wa 1928, iliwagawia ardhi, na mazao yao yalihitaji kutoka. Ford, Chevrolet na International za Amerika zilijaa Kongo wakati ule. Ubelgiji nayo ilikuwa na viwanda vyake vya kamio, Minerva, Miesse na FN, ambavyo vyote viliacha kuunda kamio zamani. Kama msomaji ana bamba la Miesse nyumbani, hata lililopinda, atuite. Chai tutaleta sisi.

Barabara iliyozijaribu kamio hizo ni ile inayotoka Goma kwenda Butembo na Beni. Inaanza juu ya mawe ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika, yanayokula pine. Inateremka Rutshuru, inapita katika bonde la Rwindi ndani ya mbuga ya wanyama ambapo joto linachemsha radiatere, halafu inapanda ukuta wa Kabasha mpaka Kanyabayonga, kona juu ya kona, korongo upande mmoja. Kutoka Kanyabayonga mpaka Lubero ni baridi, ukungu na matope. Joto, baridi, mawe, matope na mteremko, vyote katika safari moja. Hakuna kiwanda chenye uwanja wa majaribio kama huo.

Kamio iliyofaulu mtihani huo katika miaka yetu ya utoto ni Mercedes ya pua fupi, yenye kichwa cha mviringo. Kiwanda kilianza kuiunda mwaka wa 1959. Wengi wanaijua kwa namba yake lakini hawajui namba inasema nini. Tangu mwaka wa 1963 Mercedes iliandika namba hivi: tarakimu za mwanzo ni uzito wote wa gari likiwa na mzigo, kwa tani, zinazofuata, ukizizidisha kwa 10, ni nguvu za farasi za injini. Basi 911 ni tani 9 na nguvu za farasi 110. 1113 ni tani 11 na 130. 1924 ni tani 19 na 240. Herufi za mbele nazo zinasema: L ni kamio ya mizigo, A ni kwamba inavuta kwa magurudumu yote, K ni kwamba inamwaga mzigo yenyewe, S ni kichwa cha kuvuta remoke. Mtoto wa Goma aliyesoma LA 911 juu ya kamio alikuwa anasoma Kidachi bila kujua.

Sasa tufanye hesabu. Tani 9 ni pamoja na chuma chenyewe, kwa hiyo mzigo halali ulikuwa kama tani 5 hivi. Nani aliwahi kuona 911 ikipanda Kabasha na tani 5? Magunia yalipita kabini kwa urefu, juu ya magunia wakakaa watu 30 au 40, juu ya watu mbuzi, na pembeni bido za mafuta ya mawese zikining'inia. Chasi ilipinda, lakini ilifika. Sehemu kubwa ya siri ilikuwa injini, ile inayoitwa OM 352, silinda 6, lita 5.7, iliyotoka mwaka wa 1964. Ilitiwa katika kamio za namna nyingi na pia katika Unimog, kwa hiyo piyesi ya gari moja iliokoa jingine. Tusiwasahau ndugu zake: Magirus-Deutz, ambayo injini yake ilipozwa na upepo, haina radiatere ya kuchemka, na Fiat 682 ya mwaka wa 1952, ambayo Waitalia wenyewe waliiita mfalme wa Afrika. Nyuma ya Rodezia kujitangazia uhuru mwezi wa Novemba 1965, kamio za Fiat zilipeleka mafuta Zambia kutoka Dar es Salaam na kurudi na shaba, katika barabara mbaya iliyoua madereva wengi. Majirani zetu Watanzania na Wazambia wanazikumbuka kama sisi tunavyokumbuka 911.

Tarehe 30 Novemba 1973 rais Mobutu alitangaza zairianizasiyo. Mashamba, maduka na makampuni ya wageni yakapewa Wazairwa, na wengi kati ya waliopewa walijua kula kuliko kutunza. Mwaka wa 1985 bei ya kasiterite ikaanguka duniani, na makampuni ya madini ya Kivu yaliyokuwa na kamio nyingi na garaje nzuri yakaanza kufa. Piyesi mpya zikawa dhahabu. Barabara zikaharibika, ijapokuwa Office des Routes ilikuwako tangu mwaka wa 1971.

Hapo ndipo ilianza ile historia tunayoipenda. Kamio zilizotoka kiwandani zikiwa mapacha zikaanza kutengana. Resori zilivunjika, fundi akaongeza majani ya chuma mawili, matatu, akiyachonga kutoka resori ya gari jingine, mpaka kamio ikasimama juu kama punda anayetaka kupiga teke. Tanki ya mazutu ilitoboka, na pampu ya kuvuta mazutu ikafa nayo; wakafunga bido juu ya injini, mazutu yakashuka yenyewe. Demare ilikufa, dereva akajifunza kulaza gari mahali penye mteremko tu, na ule ufundi wa kuchagua mahali pa kulala ukawa sehemu ya kazi yake. Kioo cha mbele kilivunjika, nusu ikawekwa ubao. Bodi ya nyuma ilijengwa upya na seremala wa hapa kwa mbao za hapa, yenye mbavu nene na mlango wa kufunga kwa mnyororo, kisha ikapakwa rangi na kuandikwa sala au onyo juu ya kichwa. Tulipima bodi mbili za 911 katika viwanja viwili vya Goma: hazikulingana urefu, upana wala idadi ya mbavu. Kila seremala alikuwa na kipimo chake.

Sasa turudi kwa yule mpenzi wa Ulaya na Berliet zake nne. Nne ni chache, kweli. Lakini 911 iliyokaa miaka 30 katika barabara ya Kabasha iko moja tu duniani. Kiwanda kiliunda za namna yake maelfu. Aliyeifanya kuwa kamio ya majaribio ni fundi wa Birere, ambaye hakuwa na karatasi ya kuchorea, alikuwa na nyundo, moto na mwenye mali aliyesimama nyuma yake akiuliza itatoka lini. Sisi tunaona kwamba hii nayo ni nadra, na inastahili kuandikwa kama ile.

Kulikuwa na mtu mwingine ambaye hakuna kiwanda kilichomfikiria: boyi-shofere. Kazi yake ilikuwa kubeba gogo. Kamio ilipopanda mlima polepole, yeye alitembea nyuma kwa miguu, gogo begani, na ilipochoka akalitupa chini ya pine ya nyuma kabla haijaanza kurudi. Akichelewa kidogo, kamio, mzigo na abiria walikwenda korongoni. Ilikuwa breki ya mwisho, nayo ilikuwa kijana wa miaka 16 au 17 anayelala chini ya gari na kula kilichobaki. Madereva wengi waliotufundisha tunayoyajua walianza hivyo. Tukisifu kamio bila kumtaja yeye tunafanya kosa lile lile la wale waliosifu mashua na kusahau wabeba maji. Na tukubali pia kwamba kamio hizi ziliua. Kabasha ina makaburi, na familia nyingi za Goma hazitaki kusikia mtu akiziita nzuri. Tunaheshimu hilo.

Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu katika siku chache. Kolera ikaja nao. Wiki ile kamio zilileta maji asubuhi na kubeba maiti mchana. Walioona hawapendi kusimulia, nasi hatuwasumbui. Kisha vikaja vita vya mwaka wa 1996 na vya 1998, na mwenye kamio nzima akaomba usiku isionekane. Nyingi zilichukuliwa, nyingine ziliungua, nyingine zilifunguliwa pine na kufichwa, na ndizo hizo tunazozikuta nyuma ya nyumba, zimefichwa vizuri mno mpaka zikasahauliwa. Nafasi yake ilichukuliwa na Fuso ya Wajapani, iliyotumika kwao kwanza, ndiyo ikaja kwetu, mara nyingi usukani ukiwa upande wa kuume. Vijana wanaipenda, na kwa haki: inakula mazutu kidogo na piyesi zinapatikana. Na mzigo mdogo wa ndani ya mji ulibebwa na chukudu, ile ya miti, ambayo mwaka wa 2009 ilijengewa sanamu katikati ya Goma. Tulifurahi sana siku ile. Lakini tuliulizana pia: chukudu inachukua maharagi sokoni, nani aliyaleta kutoka Rutshuru?

Volkano nayo ilichukua sehemu yake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuzika garaje na kila kilichokuwa ndani. Tarehe 22 Mei 2021 ilikata barabara ya Rutshuru. Mwezi wa Oktoba 2022 barabara hiyo hiyo ilikatwa tena, mara hii na vita vya M23, na watu wa Goma wakajua kwa bei ya maharagi maana ya kamio isiyofika.

Adui wa sasa ana mizani. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita katika viwanja wakiuliza kama kuna chuma cha kuuza. Kwa mwenye kiwanja mwenye watoto wa kusomesha, kamio iliyolala ni kilo tu, na hatuwezi kumlaumu. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu mwaka wa 1971, na magarimoshi yao ya mvuke yamesimama pale watoto wa shule wakiyapanda. Garimoshi letu sisi ni hizi 911, na tunaliuza kwa kilo.

Kulikuwa na moja tuliyoitembelea mara tatu. LA 911, bodi ya mbao ya misumari ya kufuliwa kwa mkono, majani ya resori 14 upande mmoja na 13 upande mwingine. Mwenye nayo, muzee aliyeiendesha mwenyewe kwenda Butembo, alikubali tuipime na kuipiga picha, tukaahidiana wiki inayofuata. Mvua ilinyesha, mmoja wetu alikuwa na matanga, wiki ikawa mbili. Tuliporudi tulikuta udongo mweusi wa mafuta wenye umbo la kamio, na majani hayajaanza kuota. Muzee alitoka nje, akatuletea viti. «Mulichelewa, batoto. Shule ilifungua.» Akaingia ndani, akarudi na kitambaa kilichofunga kitu. Alikuwa ameing'oa bamba ya kiwanda kabla wakataji hawajafika.

Basi tunaomba hivi, wasomaji wetu. Kama nyumbani kwako au kwa mjomba wako kuna kamio ya zamani, na lazima iuzwe, iuze. Lakini kabla ya hapo nakili bamba lake lote, namba kwa namba. Pima bodi kwa mita, urefu, upana na kimo, hesabu mbavu na majani ya resori. Andika maneno yaliyochorwa juu ya kichwa. Muulize aliyeiendesha ililala wapi, ilibeba nini, ilikwama kona gani, na boyi-shofere wake aliitwa nani. Ukipata hayo, yalete kwa wanaotengeneza kitabu hiki, yatatufikia. Bamba la muzee tumelisafisha kwa mazutu na mswaki. Herufi LA zinasomeka vizuri, 911 pia. Namba ya chasi inasomeka mpaka nusu, kisha kuna alama ya nyundo.